Shingo ya Dobi

Katika mtaa wenye watu wa kila kazi, hakuna anayetazamwa shingo kama dobi. Seremala akiwa na kiti kibovu nyumbani kwake, watu hucheka wakaenda zao. Lakini dobi mwenye shingo chafu ni habari ya kugongea majirani mlango. Na dobi tunayemzungumzia hapa, mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye meza ya kupigia pasi, pasi mbili za mkaa na sifa ya kutopoteza kifungo hata kimoja, alikuwa na shingo ya mtu aliyelalia sufuria.

Rangi hiyo ilianzia kisogoni ikateremka hadi mabegani, kahawia iliyokolea, yenye mikwaruzo kama tope lililokauka. Alioga asubuhi, akaoga jioni. Alijisugua kwa dodoki, kwa jiwe, na siku moja ya hasira kwa brashi ile ile anayofulia kola. Ngozi iliwaka moto, weusi ukabaki palepale. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kama kuna mtu aliyezijua taka za shingo, ni yeye. Miaka thelathini alikuwa akizitoa kwenye kola za watu. Alijua za dereva zinavyokaa na za mwalimu zinavyokaa. Taka za shingo huhamia kwenye kola. Za kwake hazikuhama. Kola zake zilivuliwa jioni zikiwa nyeupe kama zilivyovaliwa.

"Nyeupe kwa sababu wewe ni dobi," mkewe alimwambia. "Unazifua kabla sijaziona."

Mtu kama huyo unamjibu nini? Dobi alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa kukiri.

Mkewe alivumilia miaka mitatu, tuseme haki. Alivumilia minong'ono dukani, alivumilia mama yake aliyekuwa akileta sabuni mpya kila akija kuwasalimu. Lakini siku alipomsikia mteja akisema dobi huyu anafua kola za watu, shingo yake anaisahau, alipanga nguo zake ndani ya sanduku, akazikunja vizuri kama alivyofundishwa na mumewe, akahamia kwa mama yake, mtaa wa pili.

"Siku mtu mwingine mwenye akili zake atakaponiambia huo si uchafu, nitarudi," alisema mlangoni. "Wewe mwenyewe usiniambie tena. Nimechoka kuambiwa na wewe."

Wateja walipungua pia, lakini hilo dobi hakulihangaikia sana. Alimtaka mkewe. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, nyumba ilikuwa kimya, na yeye ni mtu aliyezoea kusikia mtu mwingine akikohoa chumba cha pili.

Ndipo akaenda kliniki ya ngozi. Alikaa kwenye benchi refu lililopakwa rangi ya kijani, kati ya mtu aliyekuwa akijikuna kwa funguo na mama aliyefunika mikono kwa taulo, mpaka akaitwa na daktari wa kike, kijana, mwenye miwani iliyofungwa plasta kwenye kishikio. Daktari akamgeuza mgongo, akasogeza taa, akaweka lenzi shingoni. Madaktari wa ngozi wana furaha yao ambayo mgonjwa hatakiwi kuiona, na huyu alijitahidi kuificha, ila sauti ilimsaliti.

"Mzee wangu, unaoga mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kwa sabuni?"

"Daktari, mimi ni dobi."

Daktari akaandika hilo pia. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu: "Huu si uchafu."

Dobi alimwomba arudie. Akarudia. Dobi akashika ukingo wa kitanda, machozi yakamlenga, akajikaza kisabuni.

Daktari akamweleza. Ni ugonjwa adimu. Ngozi iliyokufa, badala ya kupukutika, hung'ang'ania na kushikana tabaka kwa tabaka, mwenyewe akaonekana hajagusa maji mwaka mzima. Sabuni haiutoi hata usugue mpaka kesho. Lakini pamba yenye spiriti huutoa kwa dakika moja, na kutoka huko ndiko kunakothibitisha kwamba ni ugonjwa wenyewe. Alikuwa ameshafungua chupa na kulowesha pamba. Ghafla mkono ukasimama hewani.

"Mzee wangu," alisema, akiurudisha mfuniko, "ungeweza kukaa nao wiki tatu zaidi?"

Sababu yenyewe ilikuwa mtihani. Kila mwaka kliniki ile iliwapima madaktari waliosomea ubingwa wa ngozi, na mtihani wao haukuwa wa karatasi bali wa watu. Wagonjwa adimu waliketishwa vyumba sita, mmoja mmoja, kengele ikalia kila dakika kumi, na watahiniwa wakazunguka kutoka chumba hadi chumba wakibashiri. Mgonjwa wa mtihani hatibiwi kabla ya mtihani. Akipona, chumba kinakosa swali. Chumba namba tano kilikuwa hakijapata mtu, na aliyepewa kazi ya kumtafuta ni huyu huyu daktari.

"Mimi nataka mke wangu aambiwe tu," dobi alisema. "Mwite, umwambie, basi."

"Akiambiwa na mimi atasema mimi ni mtoto mdogo. Mlete siku ya mtihani. Atasikia kutoka kwa Profesa mwenyewe, mbele ya madaktari wote, jina la ugonjwa kwa Kilatini. Halafu spiriti tutaipitisha mbele ya macho yake."

Dobi alilipima hilo, akaona Profesa na Kilatini ni mzigo ambao hata mama mkwe hawezi kuunyanyua. Akakubali.

Wiki tatu hizo aliilea shingo yake kama suti ya kuazima. Alipewa orodha ya vitu vya kukwepa: spiriti, manukato, kinyozi. Alimkimbia hata fundi rangi wa jirani kwa sababu ya kile kimiminika anachooshea brashi. Watu walipomwambia "Bwana dobi, shingo hiyo," aliitikia "Asante," wakamwona na kichwa nacho kimeanza kuharibika. Alikwenda kwa mama mkwe, akasimama nje, akamwambia mkewe tarehe na saa. Mkewe akasema atakuja. Mama mkwe akasema naye atakuja, maana hajawahi kumwona profesa.

Siku ilipofika, walifika wote watatu. Mke na mama yake waliketishwa ndani ya chumba namba tano, kwenye viti viwili vya ukutani, nyuma ya meza ndogo yenye kengele. Dobi aliwekwa kwanza kwenye ukumbi wa maandalizi pamoja na wagonjwa wenzake. Alikuwapo dereva mstaafu aliyevimba akiguswa na maji baridi. Alikuwapo mwanafunzi ambaye ukimwandika kwa ukucha mgongoni, maandishi yanainuka yakasomeka kama tangazo. Alikuwapo bibi mmoja mwenye kucha za manjano kumi na mbili, kwa kuwa alizaliwa na vidole vya ziada, na akajivunia vyote. Walikuwa wanaulizana magonjwa yao yanaandikwaje, na dobi, kwa mara ya kwanza tangu aumwe, alijiona ni mtu miongoni mwa watu.

Hapo ndipo alipopita sista mkuu.

Sista mkuu alikuwa na miaka thelathini na moja kazini na hakuwahi kuvumilia doa. Alipanga mashuka, akanyoosha kola ya dereva, akafika kwa dobi. Akasimama. Hakuna aliyemweleza chumba namba tano kina nini, kwa sababu mtihani ni siri, na siri hiyo walifichwa hata wauguzi.

"Baba," alisema kwa huzuni ya kweli, "unaingia kwa Profesa hivi?"

Dobi alidhani anaulizwa kama yuko tayari. Akasema ndiyo. Akahisi ubaridi mtamu ukipita kisogoni, mara moja, mara mbili, mara nne. Harufu ilimfikia pua mwishoni. Alipogeuka, sista mkuu alikuwa ameshika vipande vinne vya pamba, vyote vya kahawia, na uso wa mtu aliyemaliza kazi njema.

"Sasa umependeza," akasema.

Daktari mwenye plasta alikuja kumchukua. Akatazama shingo. Ilikuwa nyororo, inang'aa, shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akatazama pamba. Akakaa chini kwenye kiti cha bibi wa kucha, bibi akiwa bado amekikalia.

Wangeweza kuahirisha, utasema. Hukumjua Profesa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyeamini kwamba mtihani uliochapishwa ni mtihani. "Chumba namba tano kipo kwenye karatasi," alisema. "Mgonjwa yupo. Shingo ipo. Waingie." Na kengele ikalia.

Mtahiniwa wa kwanza aliizunguka shingo mara tatu, akapima kwa rula, akatangaza ugonjwa unaoanza chini ya ngozi miaka kumi kabla haujaonekana. Wa pili alimuuliza dobi kama amewahi kufuga kasuku, na alipojibiwa hapana, akasema hilo ndilo alilokuwa akilihofia. Wa tatu alisema ngozi hii ni ya kawaida kupita kiasi, jambo ambalo si la kawaida. Wa nne aliomba maji. Wa tano alimgeukia mama mkwe akidhani ni mama mzazi, akamchungulia shingo, akasema ni wa kurithi, naye amempa nusu. Mama mkwe alimtazama mpaka akatoka kinyumenyume.

Dobi alikaa wima muda wote huo, roho mkononi. Hakuweza kumwona mkewe, alikuwa nyuma yake. Alimsikia tu akipumua.

Wa sita alikuwa kijana mnene, mtaratibu. Aliangalia, akagusa kwa kidole kimoja, akaangalia tena.

"Sioni kitu," alisema. "Shingo hii ni safi."

"Huyo ndiye daktari," mama mkwe alisema kwa sauti.

Profesa akamwandikia kijana sifuri, kwa kuwa karatasi ya majibu ilisema vingine. Kisha akafunga faili na kutamka jina la ugonjwa kwa Kilatini, refu, lenye vituo. Daktari mwenye plasta akaweka mezani chupa yenye vile vipande vinne vya pamba, akaeleza: sabuni haikuutoa, spiriti imeutoa, huo ndio uthibitisho.

Mama mkwe akainama, akaitazama chupa kwa makini.

"Shikamoo, Profesa," alisema.

Profesa, ambaye hakuwa mkubwa kwake hata kidogo, alijikuta akijibu marahaba.

"Mimi sikusoma. Naona pamba ni chafu na shingo ni safi. Kwetu sisi hiyo inaitwa kuogeshwa. Hiyo sabuni iliyoshindwa, nani aliiona ikishindwa?"

Daktari akamtazama dobi, dobi akaitazama sakafu. Aliyeiona ikishindwa ni yeye peke yake, na neno lake ndilo lililokuwa linatafutiwa shahidi.

Profesa akavua miwani. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo. "Mama huyu angefaulu," alisema. "Tumeushika ugonjwa baada ya kuufuta. Hiyo si sayansi." Akaeleza kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huu hurudi baada ya wiki kadhaa. Basi mgonjwa aogeshwe kila siku, kwa sabuni, na shahidi asiyemwamini. Ukirudi licha ya hayo, ni ugonjwa. Siku tisini zikipita bila kurudi, ataandika kwenye faili kwamba kilichokosekana ilikuwa ni kuoga tu. Palepale akachora fomu yenye mistari tisini: tarehe, sabuni, hali ya shingo, sahihi.

"Na shahidi asiyependelea kuliko wote hapa," akamalizia, akielekeza kalamu, "ni mama."

Profesa alikuwa amesoma ngozi mpaka akasahau kwamba ngozi ina mwenyewe. Mama mkwe alichukua mkoba wake. Dobi alitamani sakafu ipasuke. Sista mkuu, aliyekuwa mlangoni, alijifanya hamnazo.

"Nitamwogesha mimi," mke alisema haraka. "Simwamini na mimi."

Hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani, na sanduku lake, na fomu. Lakini hakurudi kama mke, alirudi kama shahidi. Alilala chumba cha pili. Kila asubuhi kabla ya mkaa kukolea alimketisha mumewe kwenye kigoda bafuni, akamsugua shingo kama sufuria lililoungua, akaisuuza, akaandika *safi*, akatia sahihi. Siku za mwanzo hawakusemezana. Wiki ya tatu alimwambia maji ni ya moto leo. Mwezi wa pili alianza kumweleza habari za majirani huku akisugua, na siku moja alisahau kuacha kumsugua, akamaliza na mgongo mzima.

Dobi alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia hofu. Kila *safi* iliyoandikwa ilikuwa ni jiwe jingine upande wa mama mkwe. Alijitazama kwa vioo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, akaiomba shingo ichafuke. Mstari wa sitini, hakuna. Mstari wa themanini, hakuna. Alikuwa mtu wa kwanza kusikitika kila asubuhi kwa kuonekana msafi. Wateja walikuwa wamerudi. Mtaa mzima ulikuwa ukimsifu. Na yeye alikuwa anajua kwamba mstari wa tisini ukijaa, faili litasema miaka yote ile alikuwa haogi, na mkewe ataondoka akiwa na karatasi mkononi.

Asubuhi ya tisini aliamka mapema. Hakupanga, au labda alipanga na hakutaka kujiambia. Alichovya vidole kwenye vumbi la mkaa wa pasi, akajipaka kisogoni, akalisambaza mpaka mabegani. Alitumia ufundi wake wote. Halafu akaenda bafuni, akaketi kwenye kigoda, akasubiri.

Mkewe aliingia na ndoo. Akasimama. Dobi alisikia kimya kile alichokuwa akikiomba kwa miezi mitatu, na badala ya kumfurahisha kikamtia aibu mpaka masikioni. Mke akachota maji kwa kiganja, akamwagia, akapitisha mkono mara moja. Maji meusi yakatiririka mgongoni hadi kwenye tundu la bafu, yote.

"Umejipaka nini?" aliuliza.

"Mkaa."

"Ya nini?"

"Ili uniamini," dobi alisema.

Mkewe hakumkaripia. Aliigeuza ndoo nyingine, akaikalia, wakawa magoti kwa magoti. Alitazama kiganja chake cheusi, akakisuuza, akakitazama tena.

"Mkaa umetoka kwa mkono tu, bila sabuni," alisema. "Mwaka juzi uliumwa homa. Ulikuwa hujitambui. Nikasema leo nitaumaliza huo uchafu, nikakusugua shingo mpaka ngozi ikachubuka. Ulikuwa unalia, unamwita mama yako. Haukutoka hata kidogo. Nilijua siku ile. Nikaona haya kwa nilivyokuumiza, nikasema bora uwe mchafu kuliko mimi kuwa nimekutesa bure. Nilikuonea. Miaka yote nimekuonea, na nilikuwa najua."

Mkewe akainuka, akachukua fomu iliyokuwa imening'inizwa kwenye msumari, akaandika kwenye mstari wa mwisho *safi*, akatia sahihi.

"Ukiandika hivyo, Profesa ataniweka kwenye faili kwamba nilikuwa mchafu," dobi alisema.

"Akuweke. Ni kweli haujarudi, siwezi kumdanganya." Aliikunja fomu mara mbili. "Mama nitamwambia mwenyewe. Huko hospitali uwe mchafu, hapa hukuwa."

Dobi akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, cha mabega. Mkewe alipomuuliza ana nini, alisema ni sabuni imemwingia machoni. Mke akatupia jicho sabuni. Ilikuwa kwenye kisahani chake, kavu, hakuna aliyeigusa asubuhi ile. Akaichukua, akailowesha, akaanza kumpaka.